Zamu yako inaisha saa ngapi? Ukomo wa muda katika michezo ya zamu ya mtandaoni

Malalamiko huwa yale yale, yatoke Ujiji, Kasulu au Tabora mjini. "Nilikuwa naongoza, nimeamka asubuhi nimekuta nimeshindwa." "Wameandika siku tatu, mbona hazijatimia?" "Nilisogeza kete sekunde zikiwa bado zipo, wamenikatalia." Wanaosema hivyo ni watu wanaoijua chesi, drafti na michezo ya vita vizuri kabisa. Kinachowaangusha ni saa, na saa ya mchezo wa mtandaoni ina kanuni zake ambazo watengenezaji huziandika kwa mstari mmoja kwenye ukurasa wa mipangilio, kana kwamba kila mtu alizaliwa akizijua.

Tuanze na maneno. Mchezo wa zamu ni ule ambao wachezaji hawakimbizani: unafanya hatua yako, kisha unamwachia mwenzako. Ukomo wa zamu ni wakati wa mwisho ambao hatua yako inatakiwa iwe imefika kwenye seva, yaani kompyuta inayoutunza mchezo na kuamua kila kitu. Seva hiyo mara nyingi iko mbali sana na Ziwa Tanganyika, Ulaya au Marekani. Neno la kushika hapo ni "imefika". Kubonyeza kitufe ni jambo moja, hatua kufika ni jambo jingine.

Ukomo unawekwa kwa sababu rahisi. Kijiweni, mtu akiikodolea macho drafti kwa dakika kumi, watazamaji wenyewe watamharakisha. Mtandaoni hakuna wa kumharakisha, na anayeona anashindwa anaweza kuzima simu akapotea, mchezo ukabaki wazi mwaka mzima. Wachezaji wakiwa wengi tatizo linakua. Chukua Diplomacy, mchezo wa mataifa 7 ya Ulaya. Kama kila mmoja angemsubiri mwenzake na kila mmoja ana masaa 24, mzunguko mmoja ungeweza kumeza wiki nzima. Kwa hiyo wote huandika amri zao katika kipindi kimoja na seva huzifungua kwa pamoja, mzunguko ukaisha ndani ya siku 1. Hata hivyo mchelewaji ndiye anayeamua mwendo: wachezaji 7 wakituma kwa nyakati za kubahatisha ndani ya masaa 24, kwa wastani yule wa mwisho hutuma masaa 21 yakiwa yamekwisha pita. Anayelalamika kwamba mchezo unakwenda polepole huwa anasubiri mtu mmoja tu.

Mifumo mitatu inayochanganywa

Sehemu kubwa ya ugomvi hutokana na kuchanganya mifumo mitatu ambayo kwenye kioo cha simu inafanana, kwa sababu yote inaonyesha namba zinazoshuka.

Mfumo wa kwanza ni muda kwa kila hatua. Mchezo wa "siku 3" maana yake kila zamu inapokurudia unapewa masaa 72 mapya. Ukicheza ndani ya dakika 5, zile siku zilizobaki hazihifadhiwi popote. Ndivyo ilivyo kwenye michezo ya siku kwa siku ya Chess.com na Lichess, tovuti za kuchezea chesi, ambako unachagua kati ya siku 1 na siku 14 kwa hatua.

Mfumo wa pili ni akiba. Unapewa muda wa mchezo wote, na unaula kidogo kidogo kila zamu yako inapofika. Chesi za dakika 5 au 10 ziko hapa. Mara nyingi akiba huja na nyongeza: mchezo ulioandikwa "5+3" una dakika 5 za kuanzia na sekunde 3 unazoongezewa kila ukimaliza hatua. Kwa hatua 40 nyongeza hiyo ni sekunde 120, kwa hiyo kwa kweli una dakika 7, si 5. Saa ya nyongeza ilibuniwa na Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa mwaka 1972, aliyeiombea hataza Marekani mwaka 1988. Alitaka mchezaji mwenye nafasi nzuri asishindwe kwa sababu tu mkono wake haukuwahi kufika kwenye saa.

Fikiria bando na salio. Muda kwa kila hatua ni bando la siku: usipolitumia linafutika, kesho unapata jingine. Akiba ni salio la vocha: ulichobana jana unakikuta leo, lakini ukilimaliza lote mwanzoni hakuna wa kukujazia. Anayecheza kwa akiba huku akidhani yuko kwenye bando ndiye anayetumia nusu ya muda wake kwenye hatua sita za kwanza.

Upo pia mchanganyiko wa yote mawili. ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya masafa lililoanzishwa mwaka 1951, limetumia kwa miaka mingi utaratibu wa siku 50 kwa kila hatua 10. Ndani ya hatua hizo 10 unajigawia mwenyewe: hatua moja inaweza kuchukua siku 2 na nyingine siku 15, na siku unazobakiza unakwenda nazo mbele. Kwa watu wenye kazi zisizo na ratiba ya kudumu huu ni utaratibu bora kuliko siku 3 zinazokatika, na inasikitisha kwamba programu nyingi za simu hazina kabisa.

Mfumo wa tatu ni ukomo wa pamoja, ule wa Diplomacy. Hakuna saa ya mtu mmoja. Kuna wakati mmoja ambao pazia linafunguliwa kwa wote, uwe umetuma au hujatuma.

Siku 3 huhesabiwa kwa masaa

Mpinzani akicheza Jumatatu saa 4:20 usiku, siku zako 3 zinaisha Alhamisi saa 4:20 usiku. Haziishi Alhamisi usiku wa manane, na wala siku ya Jumatatu haihesabiwi kama siku nzima. Tena maonyesho ya simu hupotosha: programu moja ikiandika "siku 1" inaweza kumaanisha masaa 47, nyingine ikaandika vivyo hivyo yakiwa yamebaki masaa 25, kwa sababu zinakata desimali. Gusa pale palipoandikwa muda; programu nyingi zitakuonyesha tarehe na saa kamili.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawauoni hadi uwanase. Tuseme unafungua simu mara moja kwa siku, karibu saa 2 usiku, na umejiunga na mchezo wa siku 1 kwa hatua. Leo unaangalia saa 1:50 usiku, bado si zamu yako, unafunga. Mpinzani anacheza saa 1:55. Kesho unafungua saa 2:10, umeshindwa kwa dakika 15. Hukukosa hata siku moja, ila masaa 24 hayakuacha nafasi ya kupumua. Kanuni inayofaa ni hii: tafuta muda mrefu zaidi ambao kwa kawaida unakaa bila kufungua mchezo, uuzidishe kwa mbili, na usikubali ukomo mfupi kuliko huo. Anayefungua mara moja kwa siku achukue siku 2 au zaidi. Mvuvi wa dagaa anayeshinda ziwani usiku wa giza na kulala mchana achukue siku 3. Anayepanda treni kati ya Tabora na Kigoma, ambako kuna vipande vya njia visivyo na mtandao wa uhakika, aidha acheze hatua zake zote kabla ya kupanda au asianze mchezo wa siku 1 wiki hiyo.

Kumbuka tu kwamba ukomo mrefu una gharama. Mchezo wa siku 3 wenye hatua 40 kwa kila upande unaweza, wote wawili wakisubiri hadi mwisho, kufika siku 240. Ni nadra, lakini ni halali. Mpinzani anayeonekana mtandaoni kila saa na hachezi zamu yake hajavunja kanuni yoyote; muda ni wake.

UTC, saa ya Dar na saa ya Bujumbura

Michezo yenye ukomo wa pamoja hutangaza wakati kwa UTC, saa ya dunia inayotumiwa kuunganisha nchi zote. Tanzania iko mbele yake kwa masaa 3. Kosa kubwa hapa ni la masaa 6, pale mtu anaposoma 03:00 ya simu kama saa 3. Nenda hatua kwa hatua. Tangazo linasema 18:00 UTC. Ongeza 3, unapata 21:00 kwenye simu yako. Hiyo ni saa 3 usiku. Tangazo likisema 00:00 UTC, ni 03:00 kwenye simu, yaani saa 9 usiku. Michezo mingi inayobadilisha siku kwa usiku wa manane wa UTC inawafungia watu wa Kigoma wakiwa wamelala fofofo, na hiki ndicho chanzo cha "nimeamka nimekuta nimeshindwa".

Ukitaka njia ya mkato: chukua saa ya UTC, toa 3, ukizidi 12 toa na 12; saa ya UTC ikiwa 3 au pungufu, ongeza 12 kwanza. 18 toa 3 ni 15, toa 12 ni 3. Saa 3. Kisha jiulize tu kama ni mchana au usiku.

Kigoma ina jambo lake la ziada. Burundi na mashariki ya Kongo wanatumia UTC+2, kwa hiyo rafiki yako wa Bujumbura au Kalemie yuko nyuma yako saa 1. Mkikubaliana "tumalize saa 2 usiku" bila kusema ya wapi, mmoja wenu atachelewa kwa saa nzima. Na ukiwa karibu na mpaka, upande wa Manyovu kwa mfano, simu iliyowekwa kuchukua saa kutoka kwenye mtandao inaweza kudaka mnara wa upande wa pili na kujirudisha nyuma saa 1 bila kukuambia. Seva haijali, itafunga kwa wakati wake. Lakini kengele uliyojiwekea italia ikiwa imechelewa.

Jihadhari pia na matangazo yanayotaja saa ya mji badala ya UTC. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Ukomo wa "19:00 London" ni saa 4 usiku kwetu mwezi Januari, lakini ni saa 3 usiku mwezi Julai. Marekani nao wana tarehe zao: Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa majuma machache kila mwaka hesabu za pande zote zinavurugika, na hapo ndipo mashindano hupoteza watu wengi bila sababu.

Wapo waliotafuta dawa ya kuwatendea haki watu wa kila bara. LongTurn, jumuiya inayocheza Freeciv, mchezo wa zamu wa kujenga na kupigania mataifa, hutumia zamu za masaa 23. Kwa kuwa masaa 23 ni pungufu ya siku, wakati wa kubadilisha zamu unarudi nyuma saa 1 kila siku. Leo ni saa 9 usiku kwako, baada ya majuma mawili ni saa 7 mchana. Hakuna anayeamshwa usiku daima.

Kati ya kidole chako na seva

Namba zinazoshuka kwenye kioo ni makadirio ya simu. Seva ilisema "zimebaki sekunde 40", na simu ikaendelea kuhesabu peke yake. Ukibonyeza, hatua yako inasafiri hadi mnarani, hadi pwani, inapita kwenye nyaya za chini ya bahari hadi iliko seva. Mtandao ukiwa mzuri safari hiyo ni sehemu ya sekunde. Mtandao ukishuka hadi 2G, au jioni mnara ukizidiwa na watu, hatua inaweza kuchukua sekunde kadhaa au isiondoke kabisa. Lichess hufidia sehemu ya ucheleweshaji huo, lakini fidia ina kikomo. Kwa hiyo sekunde 2 ulizoziona huenda seva ilikwisha zihesabu.

Kosa jingine lina sura ya ajabu kidogo: kete imesogea kwenye kioo, lakini hatua haijatumwa. Katika michezo ya siku kwa siku programu nyingi huomba uthibitishe hatua kwa kugusa alama ya vema au kitufe cha kutuma. Mtu anasogeza, anaona kete iko pale alipoitaka, anafunga simu. Kwa seva, hakuna kilichotokea. Alama ya kuamini ni moja: saa ya mpinzani imeanza kushuka. Usiondoke kabla ya kuiona.

Kurudisha nyuma saa ya simu hakukuongezei muda, kwa kuwa seva haiulizi simu yako ni saa ngapi. Ujanja huo hufanya kazi kwenye baadhi ya michezo ya mtu mmoja inayochezwa bila mtandao, na ndiko uvumi ulikotoka. Kwenye mchezo wa mtandaoni unaweza hata kukuumiza: tarehe ya simu ikikosea sana, muunganisho salama na seva hukataliwa na programu haifunguki. Kuufungua mchezo na kuutazama nako hakusimamishi saa. Wala kuzima simu, wala umeme kukatika.

Muda ukiisha

Hapa michezo haifanani, na ni lazima usome kanuni kabla ya kuanza. Kwenye chesi unapoteza, isipokuwa mpinzani wako hana uwezekano wowote wa kukupiga mati kwa kete alizobaki nazo, mathalani mfalme peke yake. Hapo ni sare. Kwenye ludo na karata za mtandaoni kwa kawaida kompyuta inakuchezea au unarukwa, na ukirukwa mara kadhaa unatolewa. Kwenye Diplomacy majeshi yasiyopewa amri yanasimama palepale, na jeshi lililotakiwa kurudi nyuma bila amri linavunjwa. Ni adhabu kali kuliko inavyosikika, kwa sababu majirani wako wanajua hukutuma na zamu inayofuata watakuja.

Mara nyingine muda umeisha na mchezo bado uko wazi. Wengi hudhani ni huruma au hitilafu. Kuna seva zinazokagua michezo yote kwa vipindi, tuseme kila dakika chache, na zipo zinazosubiri mpinzani adai ushindi. Ukikuta zamu bado iko wazi, cheza mara moja. Usijenge mazoea juu yake.

Ukomo pia ni upeo wa juu, si muda uliohakikishiwa. Kwenye webDiplomacy, tovuti ya kuchezea Diplomacy, kuna kuhifadhi amri na kuna kutangaza kwamba uko tayari. Wote wakishatangaza kuwa tayari, zamu inafunguliwa papo hapo hata kama yamebaki masaa 15. Ukiwa unataka kuzungumza na mshirika kabla ya kuamua, hifadhi amri za tahadhari mapema lakini usitangaze. Hivyo umeme ukikatika, utakuwa na amri zako mezani.

Kwenye michezo ya vita ambayo wote husogeza kwa wakati mmoja, dakika zinazozunguka ukomo ni za hatari. Mtu anaweza kusogeza jeshi dakika 1 kabla ya zamu kubadilika na kulisogeza tena dakika 1 baadaye, nawe hukupata nafasi ya kujibu. Freeciv ina mpangilio unaolazimisha jeshi lisubiri muda fulani kati ya mwendo mmoja na mwingine hata zamu ikibadilika. Mnaoanzisha mchezo wenu, uwasheni.

Mkianzisha mchezo wa kundi

Kundi lenye watu wa Kigoma, Tabora, Dar na Bujumbura lichague ukomo wa pamoja wa saa ileile kila siku, wakati kila mtu yuko macho. 17:00 UTC unafaa sana: ni saa 2 usiku Tanzania na saa 1 usiku Burundi, watu wametoka kazini na bado hawajalala. Andikeni kwenye kundi la WhatsApp saa zote tatu, UTC, ya Tanzania na ya Burundi, ili asitokee mtu wa kusema alidhani. Kubalianeni mapema likizo zinaombwaje, kwa sababu baadhi ya tovuti, Lichess ikiwamo, hazina likizo kwenye michezo ya siku kwa siku. Amueni pia anayekosa zamu mara ngapi anabadilishwa. Mara 2 mfululizo ni kipimo cha haki.

Kila mchezaji aingie kwenye mipangilio ya betri ya simu yake na kuiruhusu programu ya mchezo ifanye kazi ikiwa nyuma ya kioo. Simu nyingi za Android huzilaza programu zisizotumika ili kutunza chaji, na taarifa ya "ni zamu yako" huja pale tu unapoifungua mwenyewe, ikiwa imechelewa masaa. Kengele ya kawaida ya simu, iliyowekwa saa 1 kabla ya ukomo, inaaminika zaidi.

Na ukiamini kweli umeonewa, piga picha ya kioo mara moja, nakili namba au kiungo cha mchezo, na andika wakati kwa UTC. Seva huhifadhi sekunde ambayo kila hatua iliingia. Msimamizi anaweza kuitazama kumbukumbu hiyo na kuona kama hatua yako ilifika na kukataliwa, au haikufika kabisa. Malalamiko yasiyo na namba ya mchezo hayampi pa kuanzia.